Safari ndefu na watoto kutoka Lubumbashi: unachokiona, chanzo chake, na wakati wa kukimbilia daktari

Familia ya Lubumbashi inayokwenda Brussels, Paris au Montréal huanzia uwanja wa ndege wa Luano, hubadilisha ndege Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, halafu ndipo inapanda ile ndege ndefu, mara nyingi ya usiku. Katika ajansi ya safari ninakofanya kazi hapa mjini, wazazi wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kampemba na Golf wanatuletea malalamiko yaleyale: tulirudishwa kaunta, mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, mdogo alishikwa na homa siku ya kumi. Nimeyapanga kwa jinsi mzazi anavyoyaona kwa macho. Chini ya kila tatizo, sababu inayotokea sana ndiyo inatangulia. Ianze hiyo, hata kama moyo unakutuma kuwaza mabaya zaidi.

Mawili kati ya haya yanaweza kuua: mtoto mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) akiwa angani, na homa baada ya kufika. Kama huna muda wa kusoma yote, soma hayo.

Kaunta inakataa kuwapokea

Sababu inayozidi nyingine zote kwa mbali ni majina. Sisi tuna nomu (jina kuu), postnomu (jina la pili la asili) na prenomu (jina la ubatizo). Mfumo wa tiketi una nafasi mbili tu, jina la ukoo na majina mengine. Mmoja anaandika postnomu kwenye jina la ukoo, mwingine anaiacha kabisa, na kwa familia ya watu watano unapata tiketi tano zilizoandikwa kwa mitindo mitatu.

Fungua pasipoti ya kila mtoto kwenye ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Baada ya herufi COD, maneno yanayotangulia alama mbili << ndiyo jina la ukoo. Yanayofuata ndiyo majina mengine. Tiketi ifuate hapo, herufi kwa herufi. Fanya hivyo siku ileile unapopewa tiketi. Kosa la herufi moja ajansi inaweza kulishughulikia mapema. Ukiligundua saa mbili kabla ya kuruka, uko mikononi mwa aliyekaa kaunta.

Sababu ya pili ni mtoto kusafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, bila barua ya ruhusa. DGM, yaani idara ya uhamiaji ya Kongo, watauliza, na nchi unayokwenda inaweza kuuliza tena. Barua isainiwe na mzazi anayebaki mbele ya notere (mthibitishaji wa hati), igongwe muhuri, na iambatane na nakala ya kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cheti hicho kina kazi nyingine: kwetu mtoto hupewa jina la babu au la marehemu wa ukoo, kwa hiyo baba, mama na watoto wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Ofisa wa Ulaya akiona majina matatu yasiyofanana anasita, na hapo karatasi inaongea vizuri kuliko maelezo. Kiweke kwenye begi la mkononi. Kila mwaka kuna familia inayokifungia ndani ya sanduku lililokwisha kwenda kwenye mkanda.

Ya tatu ni kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya wiki ileile ya safari haikusaidii. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado inafaa: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha yote. Mtoto ambaye hajafika miezi 9 apate karatasi ya daktari inayosema hivyo.

Ya nne haijulikani sana, na ndiyo inayotoa watu machozi. Mwenye pasipoti ya Kongo anayebadilisha ndege Paris, Brussels au Frankfurt kuelekea nchi nyingine anadaiwa viza ya kupita uwanjani, hata kama hatoki nje ya uwanja. Ukiwa na viza halali ya Canada au ya Marekani unasamehewa. Hesabu mtu kwa mtu: mama anaweza kuwa na makaratasi ya Canada, mtoto akawa bado na barua tu.

Kisha kuna suala la umri wa miaka 2. Mtoto anayepakatwa hulipiwa sehemu ndogo ya nauli, lakini akitimiza miaka 2 wakati mko huko, wakati wa kurudi anadaiwa kiti chake. Mwambie anayekata tiketi tarehe ya kuzaliwa, asije akakisia.

Simama hapa: kama DGM wanasema karatasi ya mtoto ina kasoro, usitafute mtu wa kukupitisha pembeni. Mtoto aliyetoka bila karatasi kamili anakwama mbali zaidi, mahali ambapo huna ndugu. Ahirisha tiketi, urudi kwa notere.

Mtoto analia vibaya ndege ikishuka

Karibu kila mara ni masikio. Hewa ya ndani ya ndege inabadilika, na kamrija kembamba kanachounganisha sikio na koo hakafunguki upesi kwa mtoto. Kumeza ndiko kunakafungua. Anayenyonya mpe titi au chupa. Mkubwa mpe maji kwa mrija, au pipi kama ameshavuka umri wa kupaliwa. Anza ndege inapoanza kuteremka, karibu nusu saa kabla ya kugusa ardhi, na mwamshe aliyelala, kwa sababu mtu akilala anameza kidogo sana.

Akiwa na mafua, maumivu yanazidi. Safisha pua kwa maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kushuka, na paracetamoli apewe kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe mtoto.

Akiwa na usaha sikioni, au ameanza antibiotiki ya sikio juzi, aonwe na daktari kabla ya kupanda. Na baada ya kufika, sikio likitoa damu au maji, au maumivu yakivuka siku moja, mpeleke.

Mtoto anatapika

Kwanza uliza alikula nini. Siku ya safari bibi anataka mjukuu aondoke ameshiba, na bukari (ugali) na nyama ya mafuta saa moja kabla ya ndege ni mzigo kwa tumbo la miaka mitano. Mpe wali mweupe, ndizi, mkate. Pili ni kizunguzungu cha mwendo, ambacho huwashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Kiti cha karibu na bawa hutikisika kidogo. Aondoe macho kwenye simu, aegemeze kichwa, anywe maji kijiko kwa kijiko. Tatu ni homa iliyokwisha kuanza nyumbani. Pima joto kabla ya kutoka. Anayetoka Lubumbashi akiwa na homa apimwe malaria kwa GE (tone nene la damu) au TDR (kipimo cha haraka) hukohuko, maana saa kumi na nne za ndege na viwanja si mahali pa kungoja uone.

Matapishi ya kijani au yenye damu, kichwa kinachouma na shingo ngumu, mtoto anayesinzia asiyeamshika: mwite mhudumu wa ndege papo hapo. Wana namna ya kuuliza kama kuna daktari kati ya abiria na ya kuongea na waganga walio chini.

Mtoto mwenye SS anaanza kuumwa mifupa au kifua

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu selimundu iko katika nyumba nyingi za kwetu, na wazazi wengi wanaificha kwenye ajansi wakiogopa kunyimwa tiketi.

Ndani ya ndege hewa haiwi kama ya chini. Inawekwa sawa na ya mlima unaofika hadi mita 2,400 hivi, wakati Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 na kitu. Oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua. Kwa mtoto mwenye afya haina shida. Kwa mwenye SS, oksijeni kidogo, ukavu wa hewa, baridi na kukaa bila kusogea ni mambo manne yanayoweza kuzipinda seli za damu na kuziba mishipa. Na ukibadilisha ndege Addis Ababa, kumbuka kwamba uwanja wa Bole wenyewe uko kwenye mita zaidi ya 2,300 na usiku kuna baridi. Mtoto hapumziki na mwinuko akishuka ndege. Anasubiri huko juu, akiwa na fulana nyepesi ya Lubumbashi, kwenye kiti cha chuma.

Maumivu yakianza, angalia kwa mpangilio huu:

1. Maji. Mara nyingi hajanywa kwa saa nyingi, kwa sababu mzazi hakutaka aende choo kila mara. Mpe maji sasa, kidogo kidogo bila kukatiza, na kiti cha njia kiwe chake.
2. Baridi. Soksi, sweta, kofia, blanketi mbili. Kitenge kimfunike miguu. Usiweke barafu mahali panapouma.
3. Kukaa. Mtembeze kwenye njia kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho.
4. Dawa. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari wake iwe mkononi, pamoja na hidroksiurea kama anatumia. Kwenye sanduku la chini haina faida.

Maumivu yasipopungua, usingoje kutua. Mwambie mhudumu neno lenyewe: mtoto ana SS, anahitaji oksijeni. Barua ya daktari inayotaja ugonjwa, kundi la damu, kiwango chake cha kawaida cha damu na dawa zake ifunguliwe hapo. Iandikwe kwa Kifaransa na Kiingereza.

Usipande ndege kabisa kama mtoto alikuwa na mgogoro wa maumivu ndani ya siku 10 zilizopita, kama damu yake iko chini kuliko kawaida yake, au kama ametoka kwenye opereshoni hivi karibuni, mpaka daktari anayemfuatilia aandike ruhusa. Kampuni ya ndege ikijua mapema inaweza kupanga oksijeni. Ikijua mkiwa mita elfu kumi angani, ina chupa chache za dharura tu.

Baada ya kutua, haya ni ya kwenda hospitali moja kwa moja kutoka uwanjani: kifua kinauma au anapumua kwa shida, homa ya 38.5 au zaidi, upande mmoja wa mwili umelegea au maneno yanamshinda, tumbo la kushoto limevimba ghafla na yeye amepauka, au dawa ya maumivu haishiki. Ulaya piga 112, Canada 911. Shangazi aliyekuja kuwapokea atangojea.

Mtoto halali kabisa, au analala mchana kutwa huko mlikofika

Ndani ya ndege, sababu kubwa ni mahali pa kulala. Kitanda kidogo cha mtoto mchanga kinachofungwa ukutani huombwa wakati wa kukata tiketi, viko vichache na vina kipimo cha uzito. Mama wa kwetu ana mgongo na kitenge, na katikati ya safari taa zikizimwa hakuna kinachoshinda hicho: simama nyuma karibu na jiko la ndege, mfunge mgongoni, tikisika taratibu. Wakati wa kuruka, kutua na ndege inaporuka-ruka lazima umfungue, umweke mbele na mkanda wake mdogo unaounganishwa na wako. Usibishane na mhudumu juu ya hilo. Mtoto aliye mgongoni amekaa kati ya mwili wako na kiti.

Dawa ya kumlaza, hapana. Sirapu ya prometazini, ambayo watu wanashauriana kwa simu, ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzimia pumzi. Kwa mkubwa pia, isiwe ushauri wa jirani.

Mkishafika, tofautisha nchi. Ubelgiji na Ufaransa hazina tofauti kubwa ya saa na Lubumbashi: wakati wa joto ni saa ileile, wakati wa baridi wanabaki nyuma saa moja. Mtoto asiyelala Brussels mwezi wa Juni hasumbuliwi na saa, anasumbuliwa na mwanga, maana jua linakaa mpaka karibu saa nne za usiku. Ning'iniza blanketi dirishani. Montréal ni kitu kingine: wako nyuma kwa saa 6 au 7, na mtoto ataamka usiku wa manane akidai chakula. Mpe, taa ikiwa hafifu, bila televisheni. Mchana mtoe nje kwenye mwanga, usingizi wa mchana usivuke saa moja na nusu. Mwili hujirekebisha karibu saa moja kwa siku, kwa hiyo hesabu wiki nzima kabla ya kusema ana tatizo.

Kuhara njiani

Maji na barafu ya viwanjani, au chakula kilichokaa kwenye begi tangu asubuhi. Pakiti tatu au nne za SRO (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) zisikose mkononi; moja huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, isipokuwa pakiti yenyewe iandike kipimo kingine. Zikiisha: lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Endelea kunyonyesha. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa nyingi, kuna damu kwenye choo, au hawezi kunywa: hapo ni hospitali, hata kama ni mji wa kupita tu.

Mtoto hayuko kando yako

Inatokea sana kwenye foleni ya usalama ya uwanja wa kubadilishia ndege, pale mzazi anapotoa viatu, kompyuta na chupa kwa wakati mmoja. Mkubwa apite kwanza, mdogo katikati, mzazi wa mwisho. Andika namba yako ya simu, na ya anayewangoja, kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, juu ya kifundo. Akipotea usikimbie, simama pale mlipoachana na umwambie mtu wa kwanza mwenye sare.

Begi linafunguliwa forodhani

Nyama na maziwa kutoka nje haziingii Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, hata nyama iliyokaushwa na kufungwa vizuri. Nyama ya porini ndiyo mbaya kuliko zote. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, kwenye kopo lake halisi ambalo halijafunguliwa. Chaja za akiba za simu zibebwe mkononi. Kwenye sanduku la chini ni hatari ya moto. Maji yoyote kwenye begi la mkononi yasizidi mililita 100 kwa chupa, lakini maziwa ya mtoto na dawa zake huruhusiwa ukizitoa na kuzionyesha.

Homa siku chache au wiki chache baada ya kufika

Nyumbani mwa wenyeji wenu mtasikia: ni hali ya hewa, ni baridi, ni kuzoea. Wanasema kwa upendo, na maneno hayo yamechelewesha watoto. Baridi haileti homa ya 39.

Sababu ya kwanza ya kuondolewa shaka ni malaria, hata kama mtoto anakohoa na mafua yapo. Mbu alimng'ata Kampemba au Ruashi. Vimelea vinakaa angalau wiki moja bila dalili, mara nyingi vinajitokeza ndani ya mwezi, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, malaria inaweza kutoka homa hadi degedege ndani ya siku moja. Tatizo la huko ni kwamba daktari wa mtaa anaona mtoto mwenye homa mwezi wa Desemba, anafikiria mafua ya msimu, anatoa paracetamoli na kuwarudisha. Hajakosea kwa wagonjwa wake wa kila siku. Wewe ndiye unayejua mlikotoka, basi useme mlangoni kabla hujaulizwa: tumetoka Kongo tarehe fulani, naomba kipimo cha malaria leo. Kipimo kikitoka safi na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Ubelgiji kuna Taasisi ya Tiba ya Tropiki huko Antwerp, na daktari yeyote anaweza kuwapigia kuuliza. Lakini usiku wa homa nenda hospitali iliyo karibu, usivuke nchi.

Usimpe vidonge vya malaria vilivyobaki kwenye begi kabla ya kipimo. Dozi pungufu inaficha vimelea bila kuviua.

Baada ya malaria zinafuata mafua ya kawaida, sikio, koo, tifoidi. Homa yenye vipele vyenye maji: piga simu hospitali kabla ya kwenda, useme mmetoka Kongo, kwa sababu ya mpox (ugonjwa wa vipele unaoambukiza), ili wawapokee kwa mlango wao.

Piga 112 au 911 bila kungoja asubuhi kama mtoto ana degedege, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamshiki, anapumua kwa kasi, amepauka viganja au macho yamekuwa ya njano, au mkojo una rangi ya Coca.

Homa baada ya kurudi Lubumbashi

Mtoto aliyekaa Ulaya miaka miwili, au aliyezaliwa huko na sasa anakuja kumwona bibi, hana kinga waliyo nayo binamu zake. Wakilala chumba kimoja na mbu mmoja, anayelazwa ni yeye. Dawa ya kuzuia malaria ianzwe kabla ya kupanda ndege, kwa uzito wake, na iendelee baada ya kuondoka Kongo kwa muda ambao daktari ameandika. Wengi wanaiacha siku wanayorudi nyumbani. Chandarua chenye dawa kiwe tayari juu ya kitanda usiku wa kwanza kabisa, na bibi aambiwe kwa simu kabla: homa ya mjukuu huyu haisubiri kesho, GE ifanywe siku hiyohiyo.